Kumkausha Hakimu

Jumanne, 8 Julai

Punje sasa hivi amempaka paka mafuta. Kopo zima! Mafuta yangu ya mgando, nimeyafungua juzi tu.

Nilikuwa uani naanika nguo, nikasikia kimya. Mtoto mdogo akinyamaza, mama kimbia. Naingia ndani — Punje kakaa sakafuni, paka Hakimu kambana katikati ya miguu, anampaka taratibu kwa viganja viwili, kama ninavyompaka yeye kila asubuhi. Mgongo, tumbo, mpaka ndani ya masikio. Halafu juu yake poda! Paka mweupe pe, kama katumbukia kwenye gunia la unga. Manyoya yamesimama mashada mashada.

Ati, "Ngozi yake ilikuwa kavu, mama. Na hakulia."

Kunisuta huko. Maana yeye akipakwa hulia mtaa mzima usikie.

Nilicheka. Halafu nikakumbuka paka mwenyewe ni wa nani, kicheko kikakatika.

Hakimu ni wa Bibi mwenye nyumba. Anaitwa Hakimu kwa vile anavyokukodolea macho, kama anajua ulichofanya. Ni mzee, meno yamebaki ya kuhesabu. Bibi kaenda kumuuguza dada yake, kaniachia ufunguo wa chumba chake na paka. Maneno yake pale mlangoni: chakula atakudai mwenyewe, ila asipatwe na baridi. Asilowe. Kifua chake kibovu, mara ya mwisho kilimshika nusura afe.

Na Bibi ndiye wa kukaa na Punje kuanzia Jumatatu, nikienda kwa Fundi kujifunza cherehani. Nafasi yenyewe nimeingoja tangu mtoto anatambaa. Fundi alisema wazi — pale kuna mikasi na pasi, mtoto hataki kumwona. Baba Punje yuko kazini mbali, harudi mpaka mwisho wa mwezi. Kwa hiyo Bibi akininunia, na cherehani kwaheri.

Baadaye. Mikono inanuka sabuni, lakini niandike kabla sijasahau.

Nilimbeba Hakimu ndani ya shuka mpaka duka la dawa za mifugo. Mama muuzaji akaangua kicheko mpaka akafuta machozi. Kisha akawa makini. Nikimwacha hivyo atajilamba mafuta yote, tumbo lichafuke, na poda aivute kifuani. Nimwoshe. Maji ya vuguvugu, sabuni ya mtoto, kichwani kitambaa tu. "Ila kazi ni kumkausha, mdogo wangu. Maji hayamuumizi paka. Kinachomuumiza ni kubaki nayo."

Nikamwosha. Nyie! Sikujua paka mzee ana sauti ile. Mikono yangu imechorwa kama ramani. Punje kasimama mlangoni anambembeleza — "Pole, Hakimu, karibu inaisha, karibu inaisha." Maneno yangu mwenyewe, neno kwa neno.

Akatoka kwenye beseni kawa kitu cha mbavu na macho. Sikujua ni mdogo hivyo chini ya manyoya. Anatetemeka.

Msusi kasikia kelele, kaja mbio kutoka saluni yake hapo mbele, draya ya nywele mkononi. Nikamwambia sina hakika. Akanijibu, "Nywele ni nywele, shoga! Mimi nakausha vichwa kutwa nzima, huyu mkia tu ndio umezidi." Na mimi, kwa haraka yangu, nikakubali. Akawasha.

Hakimu alipaa. Sijui neno jingine. Bega langu, pazia, juu ya kabati, chini, kisha nyuma ya kabati kwenye ule uwazi wa ukuta ambako ni baridi kama kaburini. Maji yanamchuruzika. Msusi kabaki na draya inanguruma, kaduwaa. Nikamwambia zima, zima! Nilimpigia kelele, na yeye kaja kunisaidia. Kesho nimwombe radhi.

Nyuma ya kabati tukasikia kapiga chafya. Chafya moja ndogo.

Nilitaka kuingiza mkono nimvute. Halafu — sijui limetoka wapi — nikamsikia nesi. Yule nesi mnene wa wodi ya watoto njiti, Punje alipozaliwa kabla ya wakati wake, anatosha kiganjani, ndiyo maana tukamwita Punje. Siku ile nilikuwa namfuta kwa pupa, kwa woga, akanishika mkono. Akasema kandamiza, usisugue. Kitambaa kikilowa weka kando, chukua kikavu. Na wewe tulia kwanza, mtoto anasikia moyo wako unavyokwenda. Kisha mweke kifuani, wewe ndiye jiko lake.

Nikafunga madirisha na mlango. Nikamtoa Msusi nje, pole yake. Nikakaa sakafuni, taulo mapajani, nikamwambia Punje tucheze mchezo wa kunyamaza. Chupa ya maji ya moto nikaizungushia shuka nzito, nikaiweka pembeni yangu, isiungue mtu. Tukangoja. Punje hajawahi kunyamaza muda ule akiwa macho!

Akatoka mwenyewe. Pua kwanza.

Sikumkamata. Nilimfunika tu, nikaanza kukandamiza. Shingoni, mgongoni. Taulo likilowa, Punje ananipa jingine. Yakaisha mataulo, tukaingia kwenye mashuka. Tumboni alinitolea kucha, nikaacha, nikarudi mgongoni, nikajaribu tena. Katikati ya vidole — kumbe maji hujificha pale! — na chini ya kidevu, na kwapani. Mwisho nikamwingiza ndani ya sweta yangu, kichwa nje. Analowesha kifua changu. Punje anauliza kama Hakimu naye ni njiti. Nikamwambia leo ndiyo.

Akaanza kukoroma humo ndani. Nikalia kidogo. Nesi, popote ulipo, uwe na maisha marefu. Hata jina lako sikuuliza.


Jumatano, 9 Julai

Kapiga chafya mara mbili asubuhi. Kila akipiga chafya naona cherehani inaondoka. Halafu naona aibu, maana paka anaumwa na mimi nawaza cherehani.

Juu kakauka, ila manyoya ya tumboni bado yana unyevu ukiyapanua kwa vidole. Mtu ungedanganyika. Nikamrudisha kwenye sweta. Nimefua, nimepika, nimefagia, nina paka kifuani. Jirani wa juu kaniuliza kama nimejifungua tena.

Msusi kaja kabla sijamfuata. Kaleta mataulo ya saluni, rundo, yamekunjwa vizuri. "Mimi na midomo yangu, kila kitu nakijua." Nikamwomba radhi na mimi. Tukabaki tunaombana radhi kama mazuzu wawili mlangoni, mpaka Punje akasema ingieni, baridi inampiga Hakimu!

Msusi ananishauri nisimwambie Bibi kitu. Paka kakauka, ananukia sabuni, nani atajua? Funika kombe mwanaharamu apite. Moyo mmoja unasema kweli, nani atajua. Wa pili unasema Bibi ndiye aliyemshika Punje, njiti wangu, wakati watu wote waliogopa kumshika.

Nashukuru kwa mataulo.


Alhamisi, 10 Julai

Hajala. Tangu jana mchana. Nimempa samaki, kageuza uso. Anakaa tu karibu na chupa ya moto, ananiangalia na yale macho yake ya mahakamani.

Mama wa dawa za mifugo anasema nimsikilize mbavu, kama kuna mluzi. Nimeweka sikio. Sijui kama nasikia mluzi au nasikia woga wangu.

Jioni — kalamba mchuzi wa samaki kidoleni mwa Punje! Kidole kimoja, kisha cha pili. Vyote kumi! Punje anacheka, anasema ulimi wake una miiba. Asante. Asante. Asante.


Ijumaa, 11 Julai

Bibi karudi leo. Nilidhani Jumapili.

Nilikuwa nimeshapanga maneno. Nimkaribishe, nimpokee mizigo, nimuulize hali ya dada, akishakaa ndipo nimweleze polepole. Kweli ningemweleza? Nadhani. Sitajua tena, maana Punje alimkimbilia getini, Bibi hata mkoba hajatua — "Bibi! Hakimu alioga! Nilimpaka mafuta na poda, akaoga, Shangazi Msusi akamwashia upepo, akapanda kabatini, akaingia kwenye nguo ya mama!"

Yote kwa pumzi moja. Halikubaki la kufunika, si kombe si kifuniko.

Bibi akatua mkoba. Akanitazama. Kisha akauliza swali moja tu. "Na wewe ulikuwa wapi?"

Nikasema uani, naanika nguo.

Akaitika "Haya." Akamchukua Hakimu kifuani pangu, akaingia kwake, akafunga mlango. Kufunga tu, hakubamiza. Bora angebamiza.

Punje ananiuliza kwa nini Bibi hakucheka.


Jumamosi, 12 Julai

Mlango umefungwa tangu asubuhi. Nilimpelekea chai, akasema weka hapo. Nikaweka hapo. Ndiyo mazungumzo ya siku nzima.

Ukuta wetu ni mbao, nasikia anaongea na paka. Anamwambia habari za dada yake, kwamba hali si nzuri, mara nyingine dada hamtambui tena. Nikaondoka ukutani. Kumbe mwenzangu karudi na mzigo wake, na mimi nilikuwa nadhani kimya chote kile ni changu.

Nimepika uji nikapeleka na wenyewe. Sikusubiri aseme weka hapo, niliweka tu nikaondoka.

Punje kapigwa marufuku kugusa kopo lolote. Namwambia paka hujipaka mwenyewe, kwa ulimi wake, ndivyo alivyoumbwa. Ati, "Basi na mimi nijilambe."

Magharibi Bibi akatoka, kabeba Hakimu begani. Nikasimama. Akaketi kwenye stuli yangu bila kukaribishwa, akampanua paka vidole, kimoja kimoja, akapitisha chake katikati.

"Nani alikufundisha kukausha hivi?"

Nikamweleza nesi, na Punje, na kifuani. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema Hakimu alipoumwa ile mara, alikuwa kanyeshewa, na yeye alimsugua kwa gunia, kwa nguvu zake zote, akidhani ndiyo anampasha moto. Kisha akamwacha sakafuni akalale.

Akainuka na paka wake. Alipofika mlangoni mwake akasema mkia bado una mafuta yako.

Ya Jumatatu hakugusia. Wala mimi sikuthubutu.


Jumapili, 13 Julai

Punje bado kalala usingizi wa mchana, mikono juu kama mtu aliyeshinda ugomvi. Naandika upesi.

Nimefua gauni la kesho nikalipiga pasi, kama kesho ipo. Msusi kapita, kaniambia niende nikamuulize tu, mdomo haulipiwi. Nikamwambia nenda wewe basi. Akakumbuka ana mteja!

Nimefanya mazoezi ya maneno. Bibi, samahani. Bibi, kuhusu kesho. Bibi, kama hutaki nitaelewa — ila sitaelewa, nitalia. Hata hivyo, Hakimu anakula, kifua hakina mluzi, mama wa dawa kaja mwenyewe kumsikiliza jana usiku bila kuitwa. Kwa hilo peke yake sina cha kumdai mtu. Bibi asiponitaka nitamtafuta Fundi, nimwambie anisubiri tena, na nitamshukuru Bibi vilevile kwa siku zote alizomshika mtoto wangu. Ndivyo nilivyoamua. Sasa hivi nitasimama, nitabisha mlango, nitasema —

Nasikia beseni kwake. Maji yanamiminwa — ule mkia wa mafuta! Hakimu kaanza kesi yake — anasikika mpaka barabarani!

Bibi ananiita. "Mama Punje! Njoo na mataulo, yote! Mwamshe na huyo fundi wa mafuta, aje ashike la kwanza, azoee kazi kabla sijabaki naye kesho, mimi peke yangu siwe—"

Punje kashaamka, kashakimbia peku, na taulo linaburuta sakafuni, litalowa kabla hata ya kumfikia paka — naenda!