Waya Chini ya Kisahani

Tarehe 3 Machi

Baba, shikamoo.

Habari za siku nyingi? Mgongo unaendeleaje? Na mama, kifua kimepoa? Mimi mzima, na naomba uniamini kwa leo tu.

Miaka miwili sijaandika, kwa hiyo ukiona mwandiko huu utasema huyu anataka kitu. Kweli nataka kitu, sitakupiga chenga. Unga bado natumia, baba, lakini ninapunguza. Muuguzi wa kituo cha waraibu amenipangia: kila wiki chembe moja chini ya wiki iliyopita, na nisitumie nikiwa peke yangu. Sasa hiyo chembe naipimaje? Mimi na Mrefu, ninayekaa naye chumba kimoja, tunakadiria kwa ncha ya kisu. Unga wa siku hizi ni mkali, tofauti ya kuamka na kutoamka huioni kwa macho. Tulinunua kimizani cha betri, ukikipulizia tu kinabadili mawazo.

Wewe ndiye fundi. Nitengenezee mizani inayosema kweli.

Mwanao


Tarehe 15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ni ule ule. Mama yako hajambo, barua yako ameisoma mara tatu. Mimi mara moja imenitosha.

Miaka thelathini na tano natengeneza mizani. Za chumvi, za misumari, za mbolea. Ya kumpimia mwanangu kifo sijawahi kuitengeneza na sitaanza leo. Ulipoondoka hapa, redio ya mama yako iliondoka na wewe. Na kwenye sanduku langu la mawe ya mizani, kile kibati cha kupimia, kidogo kuliko vyote, hakipo mpaka kesho. Hebu niambie, ulimuuzia nani kitu kidogo kuliko ukucha?

Acha huo uchafu kwanza, ndipo uniandikie.

Fundi mizani


Tarehe 2 Aprili

Baba, shikamoo.

Natumaini nyote hamjambo. Mrefu amefariki juzi Jumapili. Alikadiria kwa kisu, kama siku zote. Dawa ya kumwamshia mtu aliyezidisha, tuliyopewa kituoni, ilikuwa kwenye mfuko wa koti langu, nami nilikuwa kazini hotelini naosha vyombo. Niliporudi alikuwa ameshapoa.

Sikulaumu. Nakuambia kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Mwanao


Tarehe 11 Aprili

Mwanangu,

Pole. Pole sana. Barua yako nimeshinda nayo kibandani kutwa nzima, wateja wanakuja nawarudisha. Ile niliyokuandikia mwezi uliopita ichane, tafadhali.

Nakutumia mizani ndogo ya visahani viwili, ilikuwa ya muuza viungo mmoja. Nimeisafisha na kuirekebisha kwa mkono wangu mwenyewe. Sanduku la mawe na vibati ni langu, lile lile unalolijua. Kimoja hakipo, na hicho pia unakijua. Unga siupendi na sitaupenda. Ila nataka uamke kila siku, basi.

Mama yako anauliza kama unakula.

Baba yako


Tarehe 19 Aprili

Mwanangu, usiitumie hiyo mizani! Salamu baadaye.

Leo asubuhi nilikuwa natengeneza mizani ya mama muuza nyanya. Nikaona mkono wangu unachukua kipande cha waya na kukibandika chini ya kisahani cha mawe, bila hata mimi kuuambia. Kila mizani inayotoka kwangu naifanyia hivyo, babu yako ndiye aliyenifundisha: upande wa mawe uwe mzito kidogo, ili mnunuzi aondoke na cha ziada, asipunjwe. Na yako niliifanyia vilevile. Ukipima, utakuwa unatumia zaidi ya unavyodhani.

Mungu wangu, nimekuongezea mwanangu kipimo kwa mkono huu huu. Simu uliuza, nikupigie wapi? Barua hii nimempa dereva wa lori aje nayo mpaka kwenu. Usipime kitu mpaka uutoe huo waya.

Baba


Tarehe 30 Aprili

Mwanangu,

Leo siku ya kumi na moja. Dereva anasema alikuta mlango umefungwa, barua akaipitishia chini. Mama yako ananiuliza mbona sili, na bado sijamwambia. Niandikie hata neno moja.

Baba


Tarehe 6 Mei

Baba, shikamoo.

Mimi mzima. Naanza na hilo. Nisamehe. Baada ya msiba mwenye nyumba alinitoa, nikahamia chumba cha nyuma ya kituo. Barua zako mbili jirani wa zamani kaniletea leo, zote kwa pamoja. Mzigo wenyewe ulikuwa umeniwahi kabla sijahama.

Siku ile ile ulipofika niliiweka mizani mezani ikiwa tupu, kama ulivyonifundisha nikiwa na miaka saba. Ulisema kabla hujaipa kitu, iulize ikiwa haina kitu. Ikainamia upande wa mawe. Nikageuza kisahani, nikaona waya. Nikacheka, halafu nikalia mpaka jirani huyo akaja kuuliza kuna nini. Nilijua si uzembe, baba. Hujawahi kumpunja mtu, ndiyo tabu yako.

Waya nimeutoa, uko ndani ya bahasha hii. Visahani sasa vimelingana. Mwambie mama nakula, na umwambie na mengine yote.

Na kibati chako ninacho. Redio niliuza, viatu niliuza, hata blanketi. Hiki nilikishona kwenye pindo la shati na sikukiuza hata siku nilipotetemeka mpaka meno yakagongana. Nimekirudisha mahali pake sandukuni. Ndicho ninachopunguzia: kila wiki natoa kwenye kipimo changu uzito wa kibati kimoja kama hiki, muuguzi akiwa kando yangu. Vikiisha nitakuletea sanduku mimi mwenyewe, usimtume mtu.

Kila Jumatatu nitakuandikia vimebaki vingapi. Leo ni kumi na vinne.

Mwanao


Tarehe 13 Mei

Baba, shikamoo.

Mgongo je? Mama hajambo? Mimi mzima.

Kumi na vitatu.

Mwanao