Mama, Ulimwambia Mteja Wangu

Mama yangu,

Ulinichosha ukiwa hai, na sasa una mwaka mzima kaburini na bado unanichosha. Naandika haya nikiwa nimekasirika, usije ukasema sikukuonya. Ungekuwa hapa ungeniambia nikae kwanza, ninywe chai, halafu ndipo niseme. Chai nimekunywa. Haikusaidia.

Natanguliza jambo moja ili wanaosoma wasinifikirie vibaya. Mteja nitakayemtaja humu nimemwomba ruhusa, naye amekubali niandike mradi nisitaje jina. Sitalitaja hata kwako, ingawa inaonekana wewe ulimjua kuliko mimi niliyesomea.

Unakumbuka tulivyoanza pale Kicukiro, hapa Kigali. Ulikuwa na duka lako la ushonaji karibu na soko, mimi nilikuwa na cheti kipya cha ushauri nasaha na sina pa kukaa na wateja. Ukanimegea chumba cha nyuma. Fundi akasimamisha ukuta wa plaiwudi, nikatundika pazia, nikaweka viti viwili na boksi la tishu, nikajiona nimefika. Nililosahau ni kwamba mteja hawezi kufika kwangu bila kupita kwako.

Na ulivyokuwa ukiwapokea, mama. Mtu amejikaza wiki tatu kutafuta ujasiri wa kuja, anaingia, wewe unamtazama mara moja kutoka kwenye cherehani na kumwambia "ihangane". Kabla hajasema hata shida yake! Ihangane, yaani vumilia, neno ambalo mji huu unampa kila mtu, aliyefiwa, aliyeachwa na basi na aliyejikwaa. Kisha kikombe cha chai ya tangawizi. Kisha habari za jirani yako aliyepata shida kubwa zaidi na leo anacheka. Wakifika kwangu wanakuwa wameshavumilia, hawana tena la kusema. Nilikuomba kwa upole, nikakuomba kwa ukali, mwisho nikaandika karatasi: Tafadhali usizungumze na wateja. Uliibandika vizuri ukutani, halafu ukapigilia msumari juu yake wa kutundikia mkasi.

Nilijaribu kukueleza kazi yangu. Nilikwambia inaitwa tiba simulizi. Kwamba mtu anakuja na hadithi moja aliyopewa kuhusu yeye mwenyewe, kwamba ni mvivu, au ni mkali, au ni mama mbaya, na ameisikia mara nyingi mpaka anaiamini. Mimi namsaidia aone kwamba yeye ni yeye na tatizo ni tatizo. Analipatia tatizo jina, analitoa nje, analikalisha pembeni watazamane. Halafu tunatafuta pamoja zile siku ambazo hadithi ile haikuwa kweli. Ulinisikiliza mpaka mwisho huku ukitunga uzi. Kisha ukauliza kama kweli watu wanasomea hilo chuo kikuu. Nikasema ndiyo. Ukasema kwenu tatizo halipewi jina, maana ukishalipatia jina litataka na kitanda. Nilicheka, nakiri. Ila ulisema hivyo mbele ya mteja.

Mteja mwenyewe alikuwa huyu dada wa Masoro. Alifanya kazi katika kiwanda cha nguo, na kazi yake ilikuwa kushona mikono ya mashati. Mikono tu, kutwa, mwaka mzima. Kila Jumanne alitoka zamu akaja moja kwa moja, nyuzi zimemganda kwenye nywele. Amezaliwa Rubavu, mpakani, ndiyo maana alikuwa na Kiswahili kile chake cha upande wa Kongo, nawe ulifurahi sana kumpata wa kuzungumza naye, ukimsahihisha ngeli kama mwalimu wa Karagwe, kule Tanzania tulikoishi.

Alikuwa amemwacha binti yake kwa bibi akiwa na miaka miwili, akaja Kigali kutafuta kazi. Wakati ule mtoto ana miaka sita. Kila akienda kumtembelea, mtoto anamsalimia kwa mikono miwili, anamvutia kiti, kisha anakwenda kukaa karibu na bibi yake. Watu wote wanasifu adabu ya mtoto. Yeye anarudi kwenye basi akilia mpaka Musanze. Tulilipatia tatizo lake jina, Ugeni. Wiki baada ya wiki nilimuuliza Ugeni unaingia saa ngapi, unamnong'oneza nini, siku gani ulikosa nguvu. Vilikuwa vikao vizuri, mama. Wewe ulichosema jioni moja tukifunga duka ni kwamba huyo Ugeni mbona tunamsema kila Jumanne na hafiki, ulikuwa umemtengea kikombe.

Alikuwa akifika mapema. Nikiwa na mteja mwingine nilisikia sauti zenu kupitia plaiwudi, cherehani ikienda, ikisimama, ikienda. Nikigonga ukuta mlinyamaza dakika moja, halafu mnaanza upya kwa kunong'ona, na mnong'ono wako wewe ulisikika mpaka barabarani. Mkaanza kushona gauni. Alikuambia kwamba miaka yote kiwandani hajawahi kumaliza nguo nzima, ukasema hiyo ni aibu kwa cherehani, ukampa kitambaa cha njano. Akamshonea mwanawe gauni lenye mfuko mbele. Akalipeleka nyumbani, halikupita mabegani. Alikuwa amempima mtoto wa kichwani mwake, yule wa miaka mitatu au minne, si yule aliyemvutia kiti.

Jumanne iliyofuata alirudi na lile gauni kwenye mfuko. Akakaa kwako dakika arobaini. Niligonga ukuta mara mbili. Alipoingia kwangu macho yalikuwa mekundu, nami kwa ufundi wangu wote nikamuuliza Ugeni ulimwambia nini gauni lilipokwama. Swali zuri, bado nalitetea. Sikumuuliza wewe ulimwambia nini.

Na ningepaswa kujua, kwa sababu gauni la namna hiyo tunalo hata sisi. Nilikuwa na miaka tisa, nipo Karagwe kwa bibi. Wakimbizi waliporudi Rwanda ulikuwa umeondoka na kaka yangu, mimi ukaniacha nikiwa na miaka mitano, na ikapita miaka minne. Ulipokuja kunichukua uliniletea gauni la bluu lenye marinda. Wewe, fundi ambaye wanawake walivuka mji mzima kumfuata, ulishona gauni la mtoto wa miaka mitano. Ulilitazama, ukanitazama mimi. Nikasema, asante mama, ni zuri, nikajilazimisha kuingia. Lilinikata kwapani hadi mpakani Rusumo, likanikata mpaka Kigali, na sikusema neno.

Toka siku hiyo nikapewa hadithi yangu. Huyu alikuwa mtoto mpole. Huyu hakunisumbua hata siku moja. Uliwaambia wageni, ukamwambia mchungaji, uliisema hata kwenye harusi yangu, watu wakapiga makofi. Kaka alikuwa msumbufu ndiyo maana ulikwenda naye, mimi nilikuwa mpole ndiyo maana niliachika. Nilipokuwa mtu mzima nilikuuliza mara moja, kwa nini mimi. Ukasema nyakati zilikuwa ngumu, ukainuka kwenda kutazama maharage. Nikakuuliza tena hospitalini, presha imeshakulaza, nikijua huenda sitapata nafasi nyingine. Ukanishika mkono ukasema, ihangane. Mimi, mama! Mwanao wa kumzaa ukanipa neno la wateja.

Ukafa. Yule dada alikuja msibani, akakaa na wanawake siku tatu akiosha vyombo, nikadhani ni heshima tu. Miezi miwili baadaye akapanda basi kwenda Rubavu akamchukua binti yake. Wiki za kwanza mtoto alikataa kula, akavunja sahani, akamwambia usoni kwamba yeye si mama yake na anataka kwa bibi. Dada alikuja kunisimulia akiwa anang'aa. Ananigombeza, alisema, kama watoto wengine. Nikafurahi naye kwa dhati. Nikafurahi na mimi mwenyewe pia, usicheke. Kwenye mkutano wa washauri wenzangu nilisimama nikaeleza kisa hicho, bila jina, kuonyesha jinsi tiba simulizi inavyofanya kazi mikononi mwa mtu anayeijua. Waliniuliza maswali, nikayajibu moja baada ya jingine, kifua mbele.

Jumanne iliyopita kilikuwa kikao chetu cha mwisho. Kuna swali tunalouliza mwishoni, ili mtu asiondoke peke yake na hadithi yake mpya, aondoke na shahidi. Nikamuuliza, katika watu wote waliowahi kukujua, ni nani asingeshangaa hata kidogo kusikia kwamba umemchukua mwanao? Nilitegemea aseme bibi wa mtoto, au mwalimu wa zamani.

"Mama yako," alisema. "Ule mama wa mashini. Yeye hangeshangaa."

Nikadhani ni maneno ya kunifariji. Akaendelea. Akasema ulimsimulia yote, Jumanne kadhaa, tangu siku ile ya gauni. Mlivyoondoka Karagwe, kwa nini ulimchukua kaka, kwa nini uliniacha mimi, ulichofanya usiku wa kwanza huku, vyote. Alikuwa akisimulia kwa shukrani, mpaka alipoona uso wangu. Hapo akaweka mkono mdomoni.

"Lakini ile haiko yangu ya kusema," akasema. "Ni wewe ulinifundisha. Ya mutu ni ya mutu."

Nisikilize vizuri hapa, mama, maana hapa ndipo hasira yangu ilipo. Kile nilichokitafuta miaka yote kilikuwa kimekaa mbele yangu kwenye kiti cha plastiki, kimeshika mkoba mapajani. Swali moja tu lingetosha. Angenijibu, asingeweza kuninyima, kwa jinsi alivyoona nimemsaidia. Lakini ile ilikuwa saa yake, ya mwisho. Ningeuliza, angetoka mle chumbani akiwa amenibeba mimi mgongoni, na ana mtoto wa kubeba tayari. Nilikukasirikia, nikaukasirikia ukuta wa plaiwudi, nikamkasirikia na aliyebuni swali lile. Unamwambia mtu baki kwa saa nyingi kile ulichokataa kuniambia hata kwa dakika moja, halafu unaniachia nikutane naye kazini, mahali pekee ambapo sina haki ya kumuuliza.

Nikauliza lile ambalo kazi inanitaka niulize. Si alichosema juu yangu. Nilimuuliza, mama yangu aliona nini kwako? Nilipofika kwenye neno mama nikajifanya nakohoa.

Alipima kipi ni chake na kipi si chake. Nilimwona akipima, nikajivunia, hata katika hali ile.

"Aliona mimi niko na wakati bado," akasema. "Aliniambia, mutoto akizoea kukukosa, atakuwa mupole, na wewe utafikiri amekusamehe. Kumbe amechoka kukungoja. Akasema niende kumuchukua kabla haijafika pale."

Tukamaliza. Alinipa ruhusa ya kuandika, akanikumbatia, akawahi kumchukua mtoto kwa jirani. Nimefunga faili lake na sitalifungua tena, wala sitamtafuta, wala nikimkuta sokoni sitamuuliza. Sababu ya wewe kuniacha ninaizika leo bila kuijua. Najua umenifundisha kazi, kama ungependa kusikia hivyo. Kwa mtu yule ulipata kwa gauni moja kile nilichokuwa nakizunguka kwa vikao kumi na sita, na mwanawe leo anampigia kelele, na nimefurahi, na nina wivu ambao hata kuusema unanitia aibu. Kwenye mkutano ujao nitawaambia wenzangu ukweli. Watauliza ulisomea wapi.

Lakini ulijua. Hilo ndilo linalonizuia kulala usiku na kufanya kazi vizuri mchana. Ulisimama kwenye harusi yangu na maikrofoni mkononi ukisifu upole wangu, na ulijua ni nini. Ulinitazama nikiingia kwenye lile gauni, ukajua siku hiyohiyo, na ukaamua kuniita mpole kwa sababu hilo ndilo ulilomudu. Ungekuwa mteja wangu ningekuelewa. Ningekupa tishu, ningekuuliza aibu hiyo ilikukataza kusema nini, ningekusubiri. Wewe si mteja wangu. Wewe ni mama yangu, na nilitaka uniambie.

Basi pumzika, mama. Sikuwa mpole. Na sikuwa nimekusamehe, nilinyamaza tu, na wewe peke yako ndiye uliyejua tofauti. Ungekuja na hilo tu, ningelipokea, na tungekuwa na pa kuanzia.

Mwanao,
yule aliyebaki kwa bibi