Dawa Niliyoionja Kwanza

Chumba Namba 9,
Ghorofa ya Tatu,
S.L.P. 418.
14 Juni

Mpendwa dada yangu,

Shikamoo. Hujambo huko uliko? Miguu imeacha kuvimba? Na shemeji, bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Sisi huku wazima, ila upweke umenishika, sitakuficha.

Mwanao Chiriku amefanyiwa upasuaji wa ngiri. Usishtuke, yu salama. Mara ya kwanza tulirudishwa nyumbani. Unajua ana miaka minne tu. Alipoona watu wamefunika nyuso alipiga mayowe, akaning'ang'ania shingo hadi daktari akaahirisha. Ngiri nayo ikazidi kumuuma. Baba yake yuko safarini na lori, kwa hiyo mara ya pili pia nilimpeleka peke yangu.

Safari hii daktari wa usingizi aliagiza anyweshwe dawa ya kumtuliza, nusu saa kabla. Muuguzi akaileta kwenye kikombe kidogo cha plastiki, akageuka kuandika kwenye faili. Si unakumbuka nyumbani kwetu? Mtoto hanywi dawa mpaka mkubwa wake aionje. Ile ya kikohozi ulinionjea wewe, ukatabasamu, mwongo mkubwa we! Basi na mimi nikapiga funda.

Lo! Nusu ikaenda. Muuguzi alipogeuka, "Mama! Hiyo imepimwa kwa kilo za mtoto, si zako!" Nilitamani ardhi inimeze. Ikabidi daktari aitwe, ipimwe nyingine, na mimi niketishwe kitini nisije nikaanguka. Nikawaza, haya, tunarudishwa tena, na safari hii ni kwa kiherehere changu.

Kumbe Chiriku alishauona uso wangu ulivyokunjamana. Akafumba mdomo. Nikaona uongo hautafaa. Nikamwambia, "Ni chungu, mwanangu. Lakini mama amekunywa, na bado yupo." Akanitazama sana, akakichukua kikombe mwenyewe, akamaliza.

Kidogo kidogo mikono ikalegea shingoni mwangu. Akaanza kulichekea pangaboi. "Mama," akasema, "mko wawili!" Wawili, dada! Na mimi nilikuwa natafuta hata mmoja wa kunishika mkono.

Walipomsukuma na kitanda chake hakulia. Alinipungia, mlango ukafungwa. Ndicho nilichokuwa nikikiomba kwa Mungu, na bado nililia, tena kwa sauti, mpaka mfagizi akanisogezea ndoo akidhani nataka kutapika.

Alipoamka aliomba maji, kisha akaanza maneno yake kama kawaida. Jana ameshuka ngazi mwenyewe. Nimemuuliza kama anakumbuka alivyonipungia. Hakumbuki lolote, hata uchungu wa dawa. Muuguzi anasema dawa ile ndivyo ilivyo, na ni heri kwa mtoto. Nami nashukuru. Ila asubuhi ile yote sasa nimebaki nayo mimi tu, ndiyo maana nimekuandikia, ili tuwe wawili.

Nisalimie mama, umwambie mjukuu wake mzima kabisa. Shangazi pia, lakini habari ya kikombe usimpe, atanicheka mpaka kiama. Mungu akulinde, aipunguze na hiyo miguu ili siku moja ipande ngazi zangu.

Ni mimi nikupendaye,
Mdogo wako uliyekuwa ukimwonjea.