Kwa Baba, Aliyeshika Taulo Raundi ya Nne

Baba yangu uliyelala kando ya migomba kule Kanyakine,

Sikuulizi hali, maana hukuwa mtu wa kujibu swali hilo hata ulipokuwa na pumzi. Nakuandikia kwa hasira. Nilidhani imekauka, lakini mwezi uliopita Mutwiri aliimwagia maji. Mutwiri wako, kifungua mimba wako, aliyeingia kwenye ngumi kwa sababu wewe ulikuwa bondia kabla yake.

Unakumbuka ulivyotufundisha kati ya mistari ya kahawa? Gunia la maganda ya mahindi lilining'inia kwenye tawi la mti wa mukima, nawe ulisimama wima kama mwalimu wa gwaride, mkono wa kushoto mbele kabisa kama mtu anayepapasa ukuta, miguu haitulii. Hukutaka kuguswa. Ulituambia mtu akipigwa, hata akishinda, amepigwa. Mimi nilikuwa mwembamba na mvivu, ukaniacha nitazame. Kutazama ndiko kulikoniharibu.

Kisha miaka ya tisini ikatuletea deki za video. Sokoni Gakoromone, nyuma ya wauza viazi, palikuwa na chumba cha mabati ambako tuliwaona mabondia wapya wa ng'ambo. Waliinama, ngumi mbili mashavuni kama watu wanaoumwa na meno pande zote, wakaingia chini ya mkono wa adui na kubomoa mbavu. Mutwiri alirudi nyumbani ameinama vivyo hivyo. Ulimtazama, ukauliza kama tumbo linamwendesha.

Mimi nikajifanya profesa. Nilichukua daftari la shule, nikachora mstari katikati: wa zamani huku, wa sasa kule. Niliandika kwamba wa zamani walishusha mikono kwa sababu waliamini macho yao. Wa sasa hawaamini macho, wanaamini vigasha vya mikono yao. Wa zamani walitunza miguu kwa sababu pambano lilikuwa refu kama ibada ya Pasaka. Wa sasa wanajenga shingo na kutaka kumaliza mapema. Sikufundishwa na mtu. Na nilijivuna kweli.

Tena nilikuwa mbeba maneno. Uliposema jikoni kwamba Mutwiri hapigani bali anavunja mlango ambao haujafungwa, nilimpelekea shambani maneno hayo yakiwa bado na moto. Naye aliposema wewe ulishinda kwa sababu wapinzani walichoka kukungoja, nilikuletea pamoja na chai. Niliongeza chumvi pande zote mbili. Nilicheka sana miaka ile.

Mwaka uliotangulia mvua za Elnino, Mutwiri akapata pambano Embu, Jumamosi mchana. Kocha wake akalala na malaria, na hapakuwa na mwingine wa kusimama kwenye kona ila wewe. Ulivaa koti lako la kanisani. Walikupa ndoo, sifongo na taulo ya kurusha ulingoni mtu akizidiwa. Nilikaa safu ya pili, daftari mapajani, nikifurahi kwamba hatimaye zamani na sasa zimewekwa kona moja.

Raundi tatu Mutwiri alienda vizuri. Ya nne, mpinzani wake, mchimba mchanga kutoka Mbeere, mfupi, mnene, alimpata sikioni, na kaka yangu akaacha kuinama. Akasimama wima, mikono chini. Unajua alifanana na nani? Alifanana na wewe, ila miguu ilikuwa imekufa. Aliguswa kushoto, akaguswa kulia. Aligeuza kichwa kuelekea kona yako, mara mbili. Nilimwona. Ulikuwa umeshika taulo kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika mtoto wa kubatizwa, nawe hukuirusha. Refa aliposimamisha, Mutwiri alikuwa ameshaanguka.

Nilikuchukia siku ile, Baba. Niliamini ulimwacha apigwe ili ushinde mabishano yetu ya jikoni. Watu wengi waliamini hivyo. Mutwiri naye aliamini, na hakuja kukuzika.

Kabla hujaugua, tukipanga ndizi Gakoromone, nilikuuliza mara moja tu. Ulijibu bila kuinua macho: "Si angesema? Mdomo alikuwa nayo."

Nilidhani ni kiburi. Nikaendelea kupanga ndizi.

Mwezi uliopita nilikuwa kwake, mtaa wa Dallas mjini Embu. Mikono yake hutetemeka, na mkewe Karimi humshikia kikombe. Nikamuuliza kwa nini hakupiga goti tu, mambo yaishe. Alinitazama kama mimi ndiye niliyepigwa kichwani.

"Taulo ilikuwa na mzee," akasema. "Nitaachaje, na mzee hajasema?"

Hapo ndipo nilipoelewa, nikataka kukufukua. Enzi zako, mtu wa kona hakurusha taulo bila kuambiwa na bondia. Ilikuwa kama kumvua mwanamume suruali mbele ya watu. Enzi zake, kona ndiyo huamua, na bondia anayejitoa mwenyewe huitwa mwoga mpaka wajukuu. Ulimngoja yeye. Alikungoja wewe. Mliheshimiana mpaka kichwa chake kikaharibika. Njiani kutoka Meru mlikaa kiti kimoja, mkanunua mahindi ya kuchoma, na hakuna aliyeuliza swali moja la maneno manne: nani atasema imetosha leo? Na mimi mjuzi nilijaza daftari zima la miguu na vigasha, nisiandike hilo.

Nina hasira na wewe kwa sababu ulikuwa na macho. Sheria ya enzi yenu haikukufumba macho. Ulikuwa baba yake kabla hujawa mtu wa kona.

Hata hivyo nilimwambia ukweli papo hapo: mzee hakukuadhibu, mzee alikungoja useme. Mutwiri alilia kwa sauti, Karimi akatoka nje. Aliniomba nimlete Kanyakine akakusalimie. Nilirudi nyumbani nikidhani nimeponya kitu.

Jumapili iliyofuata nilienda kumchukua. Alikuwa ameketi mlangoni. Raundi tatu za kwanza anazikumbuka ngumi kwa ngumi, lakini la wiki iliyopita halikai kichwani. Akaniuliza, kwa hasira mpya kabisa, kwa nini mzee hakurusha taulo, na akaapa hatakanyaga kaburini kwako. Nikaketi, nikamweleza tena. Akalia tena, vilevile.

Basi hiyo ndiyo kazi uliyoniachia. Kila Jumapili napanda gari kwenda Embu kumtetea mtu ambaye mimi mwenyewe sijamsamehe, na inanibidi nikutetee vizuri, kwa sababu kwake ni mara ya kwanza kusikia.

Lala, Baba. Kesho ni Jumapili.

Ni mimi, mwanao wa pili, mbeba maneno.