Maini ya Kijani Kwenye Vizimba vya Baba Mkwe

Mama Mshauri, nisaidie kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo baba mkwe wangu anatoka hospitali.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na moja, nimeingia kwenye ukoo wa mke wangu na kuchukua jina lao kwa sababu baba yake hakupata mtoto wa kiume wa kumwachia vizimba vyake vya kufugia samaki, changu wekundu, hapa ghuba ya Uwajima, na kwetu kule milimani tulikuwa watengeneza tofu, ile jibini laini ya soya, jambo ambalo mzee hajaniacha nilisahau, kila nikikosea kufunga fundo ananiambia mbele ya wafanyakazi, "Taratibu mkwe, hiyo kamba, si tofu," nao wanacheka, nami nacheka nao. Mwezi wa Juni akavunjika nyonga, akaniachia mashine ya kuchanganya chakula, na dagaa wa kuwalisha changu nao wakawa haba, mashua zinarudi nusu tupu, nikasema sasa ndiyo nafasi yangu ya kuonekana. Nilikuwa nimesoma kwamba siku hizi wafugaji wanapunguza dagaa na unga wa samaki, wanaweka mashudu ya soya na ya mahindi, na soya naijua tangu utotoni, basi nikawa napunguza dagaa kidogo kidogo, mpaka Agosti karibu hakuna kitu. Muuza mashudu aliniletea na mfuko wa unga mweupe unaoitwa taurini, akasema, "Huu usiuache, kaka," mimi nikaona ananibambikia, nikautupa stoo, mpaka leo haujafunguliwa.

Mzee akipiga simu anauliza neno moja tu, "Wanakula?" nami najibu, "Wanakula, Baba," na kweli walikuwa wanakula. Wiki iliyopita nikaona wamezubaa, wengine wanaelea pembeni ya wavu, nikampasua mmoja, ini lake kijani, wa pili kijani, wa tatu kijani. Maji yanaanza kupoa, na samaki wa hali hii wakiingiwa na ugonjwa wowote watakwisha wote, elfu ishirini, kazi ya maisha yake yote. Mke wangu hajui.

Tena mzee ana desturi, akirudi kutoka popote, hata koti hajavua, anapasua samaki mmoja na kutazama ini. Basi nimeshachukua kwa jirani mfugaji changu mmoja mwenye afya, nimemdanganya ni wa sherehe ya kumkaribisha mzee, na nia yangu nimtie kwenye ndoo pale kwenye ubao wa kupasulia ili mzee ampasue huyo. Naogopa, Mama. Nikifukuzwa nitarudi kwetu na jina la nani? Tafadhali langu usilitaje.

Mkwe Mwenye Hofu

Mwanangu, nakuonea huruma, na ungekuwa karibu ningekufinya sikio.

Soya haina kosa. Wako wafugaji wanaolisha mashudu na samaki wao wazima kabisa, kwa sababu wao walifungua mfuko. Changu akila dagaa anapata taurini humo humo, kwenye soya haimo, na akiikosa nyongo inamwingia kwenye ini. Muuza mashudu alikwambia kwa mdomo wake. Hukumsikia, ulikuwa umeshughulika kuonyesha kwamba wewe si mtu wa tofu.

Na hilo la samaki wa jirani, aibu, mtu mzima wewe. Mzee atapasua huyo mmoja, atafurahi, atakunywa chai. Hao elfu ishirini utawabadilisha na wa nani?

Sasa sikiliza. Mwambie mkeo leo, kabla hujala. Pigia simu wataalamu wa uvuvi wa mkoa, wapelekee maini, wakuambie hiyo taurini utie kiasi gani, usikisie tena. Dagaa warudishe kwa sehemu, hata kama ni wachache. Usiuze samaki hata mmoja mpaka waseme. Changu wa jirani mrudishie na umweleze ukweli. Kisha chukua ini moja, liweke kwenye barafu, nenda nalo hospitali, simama mbele ya kitanda cha mzee useme, "Baba, nimeharibu, tazama." Atakufokea. Mwache afoke, halafu muulize angefanya nini kama angekuwa mahali pako, maana miaka yote hiyo ya kutazama maini ndiyo unayoihitaji wiki hii.

Jina lako sijalitaja. Lakini barua nimeisoma yote hapa hewani, pamoja na nyonga na tofu, na wauguzi wa hospitali ya mji wetu wameniambia zaidi ya mara moja kwamba asubuhi kama hii wodi nzima ya mifupa inasikiliza kipindi hiki. Nadhani ulilijua hilo ulipokuwa ukiniandikia mimi badala ya kuzungumza na mkeo. Kwa hiyo mzee ameshajua. Ambacho hajui bado ni kama utakuja.