Wasifu wa Mzee Zedekiah Ulioandikwa na Mtu Mmoja

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie maana sili wala silali. Ninasomea shahada ya uzamili, nachunguza jinsi watu wa Kaloleni wanavyoandika wasifu wa marehemu, ule unaosomwa mazishini, na kwa miaka miwili nilimhoji mtu mmoja tu, Mzee Zedekiah, karani mstaafu wa reli, kwa kuwa ndiye aliyewaandikia wafiwa, kalamu ilikuwa yake, ingawa kila rasimu aliipitisha nyumba kwa nyumba, huku mama mmoja anaongeza jina, kule jirani anafuta tarehe, na mimi hayo yote niliyaona fujo nikayaacha nje ya utafiti. Mwezi jana mzee akafariki, kamati ya mazishi ikaniomba niandike wasifu wake, nikajifungia na rekodi zangu, nikaandika peke yangu, nikaupeleka saiba, duka la kompyuta, ukachapishwa. Nikausoma mbele ya watu mpaka mwisho, na Winny, binti wa mke wake wa kwanza, hakuwemo, wala mama yake, kwa sababu mzee hakunitajia habari zao hata siku moja. Winny hakupiga kelele, alinirudishia tu karatasi akasema, "Si ungepitia kwetu? Hata sisi tuko hapa." Tangu hapo tasnifu siigusi, msimamizi anaitaka mwisho wa mwezi, na najiona nimepoteza miaka miwili na mzee wa watu nimemzika nusu. Niache masomo?

Apondi, Kaloleni

Apondi, pole, lakini nitakusema. Mzee alikuonyesha kwa miguu yake mahali maandishi yanapoishi, wewe ukaikodolea macho kalamu. Unadhani alizunguka kwa kukosa kazi? Yale yaliyomshinda kusema, jirani aliyaongeza. Wasifu ulikuwa wa mtaa, na ugomvi wake na aibu zake, yeye aliushika tu.

Amezikwa na karatasi ile, na maji yakimwagika hayazoleki. Usijidanganye kwamba kuomba radhi kutalifuta kosa.

Masomo usiache. Jumamosi nenda kwa Winny bila kinasa sauti, umwombe msamaha, umwachie rasimu ya wasifu na kalamu, uondoke. Akishaandika, ipeleke nyumba ya pili, na ya tatu. Msimamizi mwambie ukweli na umwombe muda. Tasnifu ianze na kosa lako, Winny akikuruhusu. Asipokufungulia, ipitishe karatasi chini ya mlango uende zako. Safari hii si wewe wa kuumaliza wasifu.