Shangazi Isabela na Maoni ya Wageni

Mkunya,
Newala.
14 Agosti 2025

Mpendwa kaka Selestini,

Shikamoo. Hali yako vipi huko Bukoba, na wifi yangu Rose, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa Pasaka? Naambiwa mvua za huko haziishi, basi vaa sweta, usijifanye kijana. Sisi huku tu wazima. Baba anakohoa kidogo, maana tumemaliza kupulizia mikorosho dawa ya salfa juzi na hataki kufunga kitambaa puani. Ukimwonya anasema yeye na salfa ni watu wa siku nyingi.

Kazi nimepata, ingawa ni ya miezi mitatu. Imeundwa kamati ya kutangaza utalii wa Masasi na Newala, nami ni karani wake. Nasoma kwenye simu yale wasafiri wanayoandika mtandaoni baada ya kututembelea, nayatafsiri, kisha nayapanga: sifa huku, malalamiko kule. Kamati ikishayapitia inaamua tangazo jipya liseme nini na kipi kirekebishwe.

Nimesoma maoni mia moja na arobaini. Nimejifunza kwamba tulikuwa tunajisifia tusichokuwa nacho. Bango letu la zamani lilikuwa na picha ya ufukwe wa bahari. Mholanzi mmoja alifika Newala na nguo ya kuogelea, akaandika kwa upole kwamba bahari hakuiona. Picha imeondolewa. Kumbe miamba ya Masasi, ile tunayoipita kila siku bila kugeuza shingo, wageni wanaipiga picha mpaka simu zinaishiwa chaji. Na korosho za kuchoma uani zinasifiwa kuliko chakula chochote cha hotelini. Mwenyekiti wetu, Mzee Dadi, hakuamini, lakini sasa korosho iko juu kabisa ya tangazo.

Hapo nilianza kujiona fundi.

Wageni saba, kwa nyakati tofauti, waliandika kwamba ukingoni, pale panapotazamwa bonde la Ruvuma, kuna bibi anayewafuata. Anawafuata mpaka barabara kuu, haombi kitu, hajui Kiingereza, wakisimama naye anasimama. Mmoja aliogopa, akatupa nyota moja kati ya tano. Nilitafsiri, nikaweka kwenye malalamiko, chini ya kichwa nilichokitunga mwenyewe: "Usumbufu kwa wageni." Sikujiuliza ni bibi gani. Kamati ilijadili kwa dakika tano, ikaamua bibi huyo asionekane tena njiani, na mgambo akatumwa kumwambia. Aliporudi alitaja jina lake.

Kaka, bibi mwenyewe ni Shangazi Isabela.

Unajua nyumba yake ilivyo karibu na ile njia. Watu wanapita uani kwake, wanampungia mkono, basi kwake hao ni wageni wake. Na mgeni kwetu haachwi aondoke peke yake. Anasindikizwa mpaka njia kubwa, na mwenyeji hageuki mpaka mgeni apotee machoni. Wewe ulisindikizwa hivyo ulipokuwa unakwenda kuanza kazi hospitalini, ukaona haya mbele ya kondakta. Mimi niliyelelewa uani kwa shangazi nimesoma habari hiyo mara saba kwa Kiingereza na sikuitambua. Kwenye bango tumeandika "Mgeni njoo, mwenyeji apone," na mwenyeji nimemfungia ndani. Nimeona aibu sana.

Jumatatu niliomba wanisikilize tena. Nilisema shangazi asifichwe, bali mgeni aelezwe: tangazo liseme kwamba Newala mtu husindikizwa, na asiogope. Mzee Dadi alitikisa kichwa.

"Binti, nyota moja ni nyota moja," alisema. "Sisi tunaelewa. Mgeni ataelewaje?"

Nikamjibu kwamba ataelewa akiambiwa, mbona alipoambiwa kuna bahari aliamini. Walicheka, wakasogeza uamuzi hadi kikao cha mwisho wa mwezi. Kiingereza chako ni kizuri kuliko changu, kwa hiyo niandikie sentensi mbili za kumweleza mgeni jambo hili. Zitume kwa simu, usingoje posta. Ningekupigia, lakini ningelia mpaka salio liishe.

Jana nilikwenda kwa shangazi kumwomba radhi. Nilimwambia aliyeandika ni mimi. Aliniwekea ming'oko, ile mizizi yetu ya porini, nikala. Kisha akaniuliza jambo moja tu: "Sasa wakipotea njia, mwanangu, nani atajua?"

Baba na mama wanakusalimu. Mdogo wetu Kasiani anasema kaptula uliyoahidi anaingoja, na miguu inazidi kurefuka. Nibusie watoto. Shangazi naye anakusalimu sana. Nilipoaga alibaki mlangoni, akasema nenda salama. Hakunisindikiza hata hatua moja. Nilitembea hadi barabarani, nikageuka kumtazama, mlango ulikuwa umeshafungwa.

Mungu akulinde wewe na wote wa nyumbani mwako.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Josephina